Vijana na Mbio Ndefu

Huenda wengine wakastaajabu kumwona mwalimu wa chuo akiandika juu ya marathoni, mbio za kilomita 42 na mita 195. Naandika kwa sababu nalitoa shauri katika jambo nisilolijua, na aliyeumia ni mwana wa watu.

Kijana huyo nalimsomesha utotoni. Sasa ni mtu mzima, hupakua mifuko ya saruji dukani kutwa, na mama yake mjane humtegemea. Alipojiandikisha katika mbio za Kilimanjaro, zifanywazo Moshi kila mwaka, alinijia kutaka nasaha. Nikamwambia, "Mwanangu, kimbia kila siku. Juzuu haihifadhiki kwa mtu asomaye leo na kulala kesho."

Akalishika neno langu. Baada ya wiki saba akaja akichechemea, muundi umevimba. Tabibu alimkataza mbio na kunyanyua mizigo kwa wiki sita, na ujira wake ukakatika. Nilipokwenda kumjulia hali, mama yake hakunilaumu. Alinikaribisha chai, akanyamaza. Na kimya kile kilinikata maini kuliko lawama.

Ndipo nikawauliza wajuao, nikafahamu kosa langu. Ulimi hufaidika kwa kukariri kila siku, lakini mguu hufaidika kwa kazi kisha mapumziko. Mtu akimbiapo, misuli, kano na mifupa huumia kidogo kidogo. Apumzikapo, mwili hujitengeneza ukawa imara zaidi. Tena moyo na mapafu hupata nguvu upesi, ama mifupa na kano hukawia. Basi kijana huona pumzi zamtosha, akazidisha mwendo, kumbe mfupa wa muundi haujawa tayari.

Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Furman, walimu Bill Pierce na Scott Murr na wenzao walitunga utaratibu wa kukimbia mara tatu tu kwa wiki, nao ukaenea kwa kitabu kilichotoka mwaka 2007. Kila mbio ina kazi yake. Ya kwanza ni ya vipande vifupi vya kasi, na baina yake mtu hukimbia polepole apate kutua pumzi. Ya pili ni ya kasi anayoweza kuistahimili kwa muda mrefu kidogo. Ya tatu ni ndefu, huongezwa kwa taratibu hata kufikia kilomita 32. Mbio hizi hazifuatani siku kwa siku. Siku mbili nyingine mtu hupanda baiskeli au huogelea, ili moyo ufanye kazi bila ya miguu kugongwa na ardhi.

Huenda mtu akauliza: Mbona Eliud Kipchoge wa Kenya, aliyevunja rekodi ya dunia huko Berlin mwaka 2022, alikuwa akikimbia kiasi cha kilomita 200 kwa wiki? Jawabu ni kwamba kukimbia ndiyo kazi yake, na mwili wake umezoeshwa kwa miaka mingi. Akitoka mbioni hupumzika. Huyu wetu akitoka mbioni hubeba saruji.

Lakini msidhani siku tatu ni mlango wa uvivu. Siku zimepungua, kazi haikupungua. Aliyekosa siku moja asijaribu kuilipa kwa kukimbia mara mbili kesho yake. Na asiyezoea kabisa asianze na utaratibu huu. Aanze kwa kutembea na kukimbia polepole kwa miezi kadhaa. Maumivu ya mfupa yasiyoondoka hayataki ushujaa, yataka tabibu.

Kijana wetu alipona, akaanza upya kwa siku tatu. Mwaka uliofuata alimaliza mbio za Moshi kwa saa 4 na dakika 50, na Jumatatu alikuwa kazini. Mama yake aliniletea sahani ya vitumbua, akasema, "Mwalimu, safari hii umemwambia vyema."

Enyi wazazi wenzangu, vijana wetu hutuamini hata katika mambo tusiyoyajua. Basi tuulize kwanza, ndipo tujibu.