Sambaza: mgeni anayelisha watoto wetu

Wamama, ukiuliza wavuvi wa ziwa letu juu ya sambaza, hutapata jibu moja. Wenye ndoano wanamdharau: kwao samaki ni tilapia, sambaza ni wa kujaza beseni tu. Wavuvi wa usiku, wale wanaofunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu na kuwasha taa juu ya wavu, ndiye mshahara wao. Mwezi ukiwaka sana hawapati kitu, na sisi huku Ndosho tunauona mwezi huo kwenye bei.

Wanaomdharau husema pia si wa Kivu. Kweli. Aliletwa kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960, maana katikati ya ziwa letu hapakuwa na samaki wa kuvuliwa. Mgeni, ndiyo, lakini mtoto anamla mzima na mifupa yake, na mifupa hiyo inajenga ya kwake.

Tunaowalaumu ni wengine: wanaokokota vyandarua vya mbu kandokando ya ziwa. Sambaza hukulia karibu na ufuko kabla ya kwenda ndani, na chandarua hakiachi hata kichanga. (Nacho kilitolewa kimlinde mtoto na malaria!) Wale wadogo kama uzi wanauzwa rahisi, nasi tunawanunua. Hatumkatazi mama mwenye franka chache. Tunaomba tu kila mmoja aulize kwanza wamevuliwa wapi, na siku pesa ikitosha kikombe cha wakubwa, achukue hao.