Tikisa Kabla ya Kutumia

Wapo wanaodai kwamba mwanafunzi wa fasihi hana haja ya kujishughulisha na mambo ya maabara. Mimi nilikulia Umoja, na ningali namkumbuka mama akikikata kidonge cha mtu mzima kwa wembe juu ya kisahani ili ndugu yangu apate robo. Robo hizo hazikulingana hata siku moja. Hali ilikuwa hiyo hiyo kwa dawa za kifua kikuu za watoto hadi mwaka 2016, Kenya ilipokuwa nchi ya kwanza duniani kusambaza kote nchini vidonge vya watoto vinavyoyeyushwa katika maji.

Sasa wanasayansi wanajaribu njia nyingine: kuchapa dawa kwa printa ya wino juu ya karatasi inayolika, kipimo kikiamuliwa na idadi ya matone. Ugumu umo katika wino wenyewe. Dawa nyingi hazimumunyiki majini, kwa hiyo husagwa hadi chembe zake zipimwe kwa nanomita, yaani sehemu ya bilioni moja ya mita, zikaelea katika kioevu. Lakini chembe ndogo hivyo hupenda kushikamana, na zikishikamana huziba matundu ya printa, ambayo aghalabu ni membamba kuliko unywele. Ndipo huvishwa tabaka la kuzitenga. Kioevu nacho kikiwa kizito hakitoki. Kikiwa chepesi mno, tone hufuatwa na vitone vinavyoangukia kando. Huongezwa gliserini, ambayo pia huzuia wino usikaukie mlangoni. Adha hiyo ya mwisho anaijua fundi yeyote wa Buruburu anayejaza wino kwa bomba la sindano.

Je, mchanganyiko huo tuuite nini? ‘Mmumunyo’ haufai, kwani chembe hazikumumunyika. Mwenzangu alipendekeza ‘kioevu elezi’. Nikacheka, maana kingedhaniwa ndugu wa kielezi cha sarufi. Napendekeza ‘mweleo’, kutokana na kuelea, kama ‘mgando’ ulivyotokana na kuganda.

Wataniambia istilahi ni kazi ya wanaisimu. Sikubali. Mweleo umo tayari katika nyumba za Kayole, ndani ya chupa za dawa za watoto. Chupa isipotikiswa, dawa hutuama: vijiko vya kwanza huwa hafifu, vya mwisho vikali kupita kiasi. Mama huambiwa atikise. Haambiwi kwa nini. Mwenye neno bora kuliko langu na alilete chamani kabla ya mitihani.