Wanaokatisha tamaa wana hoja moja tu ya kweli

Kijana akisema anataka kazi ya kukinga watu na magonjwa ya mlipuko, upande wa sera, hakosi wa kumvunja moyo. Hoja zenyewe ni zilezile.

"Hiyo ni kazi ya madaktari." Tedros Adhanom Ghebreyesus, anayeongoza Shirika la Afya Duniani tangu 2017, hakusomea udaktari wa tiba; alianzia kwenye biolojia. Na Homa ya Bonde la Ufa ilipozuka mwishoni mwa 2006, wafugaji wa kaskazini mashariki mwa Kenya walikwishaona mbu wamejaa na mifugo inatupa mimba kabla hospitali hazijajua kitu. Hapo anatakiwa mtu wa mifugo, na mwingine wa kuhakikisha taarifa ya mfugaji inafika wizarani.

"Ni semina na posho tu." Posho zipo, na semina nyingine hazina kichwa wala miguu. Lakini itazame Indonesia. Mwaka 2007 iligoma kupeleka nje sampuli za virusi vya mafua ya ndege. Yaani watoe virusi bure, makampuni ya nje yatengeneze chanjo, halafu wauziwe kwa bei wasiyoimudu? Ugomvi ukaletwa mezani, na mwaka 2011 nchi zikaafikiana: sampuli zitolewe, makampuni yanayonufaika nazo yachangie fedha na kutenga sehemu ya chanjo janga likitokea. Waliofikisha jambo hapo ni wanasheria, wanadiplomasia na wataalamu waliokubali kubishana kifungu kwa kifungu. Nchi za Afrika ziliing'ang'ania hoja hiyohiyo kwenye mkataba wa majanga ya magonjwa uliopitishwa Geneva Mei 2025.

"Mlipuko ukiisha, kazi imekwisha." Homa ya Marburg ilitangazwa Bukoba Machi 2023, ikaua watu 6, ikatangazwa kwisha Juni. Januari 2025 ikaibuka tena mkoa uleule wa Kagera, safari hii Biharamulo.

"Virusi kutoka maabara ni mambo ya sinema." Janet Parker, mpiga picha wa chuo kikuu Birmingham, aliugua ndui akafa 1978, wakati ugonjwa huo umeshatokomezwa mitaani. Alifanya kazi ghorofa iliyo juu ya maabara iliyohifadhi virusi vyake.

"Ajira zake hazina uhakika." Hapa sibishi. Mikataba mingi ni mifupi na hutegemea wafadhili. Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada, USAID, mwaka 2025, wengi walibaki bila kazi. Kwa hiyo ingia, ila ingia na taaluma inayolipa kwingine pia: takwimu, sheria, maabara au mifugo.