Benchi la Kuinuka na Bega la Kijana wa Kamere



Mama mmoja wa Mombasa, msomaji wetu wa siku nyingi, ametuletea swali ambalo hatukulitarajia katika safu hii iliyozoea maswali ya eda na mirathi. Mwanawe ameajiriwa katika mashamba ya maua ya Naivasha na amepanga chumba Kamere. Kwa muda sasa ananyanyua vyuma. Kifua chake kimejaa sehemu ya chini, ila juu, karibu na shingo, kimebaki bapa, na mabega yameinama mbele. Bega la kulia linamuuma kiasi kwamba akihirimia Sala mkono ule hauinuki sawasawa na mwenziwe. Wenzake wamemwambia dawa ni kusukuma chuma akiwa juu ya benchi lililoinuliwa upande wa kichwa. Mama auliza: je, ni kweli, au ni kumwongezea mtoto maumivu?

Kamere tunaijua kidogo. Ni kitongoji kilicho kando ya barabara inayozunguka kusini mwa Ziwa Naivasha. Upande mmoja maji na wavuvi, upande wa pili njia iendayo Hell's Gate na mvuke wa Olkaria. Wakazi wake wengi wamefuata kazi za maua kutoka pembe zote za Kenya. Tulipopita huko baada ya Alasiri (tukitetemeka, maana sisi watu wa pwani baridi ile hatuiwezi), tuliwakuta vijana nyuma ya nyumba za kupanga na bomba la chuma lililotiwa mikebe ya saruji ncha zote mbili. Benchi lao ni mbao zilizopigiliwa misumari. Walilala chali mmoja baada ya mwingine, wakasukuma. Tulisimama pale hadi karibu na Magharibi, wala hatukumwona hata mmoja aliyevuta kitu.

Tuanze na benchi. Msuli mkubwa wa kifua ni mmoja, lakini nyuzi zake hazianzii mahali pamoja. Nyingine hutoka kwenye mtulinga, ule mfupa wa juu unaoelekea begani. Nyingi zaidi hutoka kwenye mfupa wa kidari na mbavu. Kisha zote hukutana kwenye mfupa wa mkono. Mtu akisukuma amelala bapa, zile za chini hubeba sehemu kubwa ya kazi. Akiinua kichwa cha benchi, mzigo huhamia juu. Watafiti wa Uhispania walilipima jambo hili mwaka 2020 kwa pembe tano, kuanzia benchi lililolala hadi nyuzi 60, wakaona kwamba sehemu ya juu ya kifua hufanya kazi zaidi kwenye nyuzi 30. Ukizidi kuinua, msuli wa mbele wa bega huchukua kazi zaidi, na ya kifua hupungua.

Basi wenzake kijana hawakusema uongo. Fundi wa mbao atakayeitaka pembe hiyo hahitaji kipimo: ubao wa mgongo ukiwa na urefu wa sentimita 120, ncha ya kichwa iwe juu ya ile ya chini kwa sentimita 60. Lakini miguu yake ipigiliwe imara, isiwe mawe yaliyopangwa.

Pamoja na hayo, sisi twaona kwamba vijana wale wanabishana juu ya mlango ilhali ukuta wa nyuma haupo. Kifua husukuma, mgongo huvuta. Anayesukuma kila jioni asivute kamwe, misuli ya mbele humshinda ya nyuma, na mabega yakaelekea mbele kama alivyoyaona mama yule. Wavuvi wanaokokota nyavu na mashua, kazi yao yenyewe ni kuvuta. Kijana huyu akilibadilisha benchi peke yake, bega litabaki palepale, na huenda likazidi, kwa sababu benchi la kuinuka hulipa bega la mbele kazi zaidi kuliko lile la bapa.

Twamshauri aache kusukuma vizito mpaka maumivu yatulie. Ainame na kuvuta bomba jepesi kuelekea tumboni, viwiko vikirudi nyuma. Yakitulia, arudi kwenye benchi la nyuzi 30 na uzito mdogo, viwiko visitanuke sawa na mabega, na kwa kila seti ya kusukuma afanye moja ya kuvuta. Asiye na benchi aweza kupiga pushapu miguu ikiwa juu ya kiti. Hilo nalo hufikia sehemu ya juu. Na asilale chini ya chuma akiwa peke yake, kwani chuma kikimshinda hushukia kifuani au shingoni. Ikiwa maumivu humwamsha usiku au mkono umelegea, aende hospitali kabla ya yote.

Tumeulizwa pia, kwa haya kidogo, kama mabinti waweza kufanya mazoezi haya. Waweza, mahali pa sitara. Msuli huu uko chini ya titi, wala kuufanyisha kazi hakumgeuzi mwanamke kuwa mwanamume. Aanze kwa kusukuma ukuta, kisha meza, kisha sakafu. Mama anayebeba mtoto na ndoo ana haja ya nguvu hizo kuliko kijana anayejipiga picha. Na kijana naye, akituma picha, afunike baina ya kitovu na magoti.

Mtume wetu (s.a.w.) alimsifu muumini mwenye nguvu, na hapo hapo akaeleza kwamba kila mmoja ana kheri yake, pia alifundisha kuwa mwili una haki juu ya mwenyewe. Kijana asidharau maumivu kwa kuogopa kuchekwa na wenzake.

Kuhusu takbira, mama na atulie. Kuinua mikono ni sunna. Mwenye maumivu huinua kadiri awezavyo, na Sala yake ni sahihi.

Wallahu aalam.