Kipupwe, Maradhi na Mpaka wa Tunduma: Matumaini Hujengwa kwa Maarifa

Kila mwaka, mvua zikishakatika mwezi wa Mei, nyanda za juu za Mkoa wa Songwe huingia katika majira ya kipupwe. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo huvuma mkavu, vumbi hutanda barabarani, na usiku joto katika Tunduma, Mbozi na Ileje huweza kushuka hadi karibu nyuzi 10 za Sentigredi. Ni majira ya baridi, lakini ni majira ya neema pia. Mahindi yako ghalani, kahawa ya Mbozi inachumwa, na malori yamejipanga mpakani kuelekea Nakonde, upande wa pili, nchini Zambia.

Katika miaka ya 2020 na 2021 majira hayo yalikuja pamoja na mgeni asiyetakiwa, yaani maradhi yaliyopewa jina la UVIKO-19, kifupi cha Ugonjwa wa Virusi vya Korona. Shirika la Afya Duniani liliyatangaza kuwa janga la dunia nzima tarehe 11 Machi 2020, na halikuondoa hali ya dharura hadi tarehe 5 Mei 2023. Dharura hiyo imepita. Hata hivyo, swali ililotuachia halijapita, nalo linawahusu sana walimu na wanafunzi: je, jamii iliyo njia panda, isiyoweza kuifunga barabara yake kwa muda mrefu, itakaaje na matumaini wakati mambo yanabadilika kila wiki?

Maoni ya makala haya ni kwamba matumaini ya kweli ni tofauti na kusema kuwa hatari haipo. Mwenye matumaini huijua hatari kwa kadiri inavyojulika, hufanya linalowezekana, na huwa tayari kubadili njia ushahidi unapobadilika. Matumaini ya namna hiyo hayaji yenyewe, hapana budi yafundishwe.

Kwa nini baridi na maradhi ya kifua hufuatana

Watu wengi husema kwamba baridi huleta mafua. Usemi huo una ukweli ndani yake, lakini haujakamilika. Baridi haizai virusi. Inalofanya ni kuviandalia mazingira.

Kwanza, tuitazame hewa. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 30 huweza kubeba mvuke wa maji upatao gramu 30. Hewa yenye nyuzi 10 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 na kidogo. Tukiipasha moto hewa hiyo ya baridi ndani ya nyumba hadi nyuzi 20 bila kuiongezea maji, unyevu wake, ukilinganishwa na kiasi ambacho ingeweza kubeba, hupungua kufikia karibu nusu. Katika hewa kavu namna hiyo, matone madogo yanayotoka mtu anapokohoa, kuimba au kusema kwa sauti hukauka upesi, huwa mepesi, nayo huelea kwa muda mrefu zaidi. Virusi kadhaa vya njia ya hewa huishi vizuri zaidi katika hali hiyo. Tena utando laini wa pua, ambao ni mlinzi wetu wa kwanza, hukauka na kupunguza kazi yake.

Pili, tuitazame tabia yetu wenyewe. Usiku wa kipupwe watu hufunga madirisha, huziba nyufa kwa matambara, na kukaa wengi katika chumba kimoja. Wengine huingiza jiko la mkaa ndani. Hapo hatari huwa mbili kwa pamoja: hewa iliyokwisha kuvutwa na watu wengine huzunguka chumbani, na mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huzuia damu kubeba oksijeni na imekwisha kuua watu wengi usingizini.

Hata hivyo, tusiifanye kipupwe kuwa sababu pekee. Wimbi la pili la UVIKO-19 lilizipiga nchi nyingi za kusini mwa Afrika mwezi Januari 2021, katikati ya masika. Wimbi la tatu, lililoletwa na aina ya kirusi iliyoitwa Delta, liliikumba Zambia mwezi Juni 2021, wakati wa baridi kali. Kwa hiyo waliotegemea joto liue kirusi walikosea, na waliodhani kwamba hatari huja na baridi tu walikosea vilevile. Majira huongeza au hupunguza kasi ya maambukizo. Jambo kubwa zaidi ni wingi wa watu wasio na kinga na jinsi wanavyokutana.

Mambo yaliyotokea mpakani

Tunduma haikuwa mji wa kawaida katika jambo hili. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 900, huishia hapo kwa upande wetu. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, hupita hapo pia. Shaba ya Zambia na ya Kongo hushuka kwenda bandarini, na mafuta, mbolea na nguo hupanda. Mwezi Oktoba 2019, miezi michache tu kabla ya janga, marais wa nchi mbili walizindua kituo cha pamoja cha huduma za mpakani ili malori yasikawie.

Mgonjwa wa kwanza wa Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na siku iliyofuata shule ziliagizwa kufungwa. Mwezi Mei, serikali ya Zambia ilitangaza kwamba kati ya wagonjwa wapya 85 waliopatikana nchini humo, 76 walikuwa Nakonde. Tarehe 11 Mei 2020 mpaka ukafungwa. Foleni za malori zikarefuka, na walioishi kwa kuuza chakula, kubadili fedha au kubeba mizigo wakakosa riziki yao ya siku. Baada ya siku chache mizigo iliruhusiwa tena, kwa masharti ya kupima madereva na kupunguza watu wanaovuka.

Tukio hilo linafundisha mambo mawili. La kwanza, kufunga kabisa ni dawa ya muda mfupi, kwa sababu mji uliojengwa juu ya biashara hauwezi kuishi bila biashara. La pili, kufungua bila kubadili lolote ni kumwachia kirusi njia. Kilichofaa kilikuwa katikati: kupima, kunawa, kupunguza msongamano na kufanya kazi nje kwenye hewa. Katika masoko mengi ya nchi yetu yalionekana mabadiliko madogo yaliyofanywa na watu wa kawaida. Mafundi cherehani walishona barakoa za kitambaa. Ndoo zenye mabomba na vibuyu chirizi vikawekwa milangoni. Sabuni, kitu kidogo cha kila nyumba, ikawa silaha ya maana, kwani huuvunja utando wa mafuta unaokizunguka kirusi cha korona na kukiacha bila nguvu.

Pamoja na hayo, kulikuwa na upungufu mkubwa usiofaa kufichwa na wanaofundisha sayansi. Takwimu za wagonjwa wetu zilizotolewa hadi mwanzoni mwa Mei 2020, wagonjwa 509 na vifo 21, zilikaa bila kufuatiwa na nyingine kwa zaidi ya mwaka mmoja. Katika kipindi hicho mwananchi wa Tunduma aliweza kujua hesabu ya wagonjwa wa upande wa Zambia, lakini si ya upande wake. Wapo waliosema kwamba takwimu huleta hofu, na kwamba watu wasio na hofu hufanya kazi vizuri. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwa maana hofu nayo huumiza. Lakini mtu asiyepewa hesabu hulazimika kukisia, na makisio ya usiku mara nyingi hutisha kuliko hesabu ya mchana. Mganga, mwalimu na mama mwenye nyumba hawawezi kupanga lolote juu ya jambo lisilopimwa.

Kubadili mawazo si udhaifu

Lawama moja ilisikika kila mahali: wanasayansi hawana msimamo, leo wanasema hivi, kesho wanasema vile. Ni kweli kwamba ushauri ulibadilika. Mwanzoni watu wenye afya hawakuhimizwa kuvaa barakoa, kisha tarehe 5 Juni 2020 Shirika la Afya Duniani likashauri zivaliwe na watu wote mahali penye maambukizo na msongamano. Mwanzoni mkazo mkubwa uliwekwa katika kusafisha meza na vitasa, baadaye ikaeleweka kwamba hewa ya vyumba vilivyofungwa ina hatari kubwa zaidi.

Mkulima wa Mbozi hatashangazwa na jambo hilo. Mvua za Novemba zikichelewa, hubadili siku ya kupanda, na pengine hubadili mbegu. Hakuna amwitaye kigeugeu, bali huitwa mkulima hodari. Asiyebadilika kamwe hata mawingu yakisema vingine ndiye atakayekosa mavuno. Sayansi inalo deni moja tu hapa, nalo ni kueleza wazi kwa nini imebadilika na ushahidi upi umeibadilisha. Deni hilo halikulipwa vizuri wakati wote, na hapo uvumi ulipata nafasi.

Nchi yetu nayo ilibadilika. Tarehe 28 Julai 2021, katikati ya kipupwe, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani na kuzindua chanjo nchini. Mwanzoni wengi walisita, lakini katika mwaka 2022 idadi ya waliochanjwa iliongezeka sana. Mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa ulielekezwa katika mapambano hayo, na sehemu yake ikajenga vyumba vya madarasa 15,000. Mwanafunzi anayesoma leo katika chumba hicho asisahau kwamba kilijengwa ili wenzake wasibanane.

Somo la mwaka 1918

Songwe iliwahi kuyaona mambo ya namna hii. Mwanzoni mwa Novemba 1918 jeshi la Wajerumani la von Lettow-Vorbeck lilipita karibu na mpaka huu huu na kushambulia kituo cha Fife, ng'ambo ya Tunduma. Homa ya mafua iliyoua duniani watu wanaokadiriwa kufikia milioni 50 ilikuwa tayari imo miongoni mwa askari na wapagazi. Vita ilipokwisha, homa iliendelea na safari kwa njia zile zile walizopita wanajeshi.

Katika nyanda za kusini magharibi ilifika wakati wa kulima na kupanda. Nyumba nyingi zikawa na wagonjwa bila mtu wa kushika jembe, na baada ya maradhi ikafuata njaa. Wazee wetu hawakuwa na hadubini iliyoweza kuonyesha kirusi, wala hawakupewa habari na watawala waliokuwa wakipigana. Walibaki na msaada wa jirani kwa jirani. Sisi tunao msaada huo, na juu yake tunayo maarifa. Tusipoyatumia, tutakuwa tumeudharau urithi na kuupoteza wakati.

Wajibu wa shule

Maradhi ya mpakani hayakukoma kwa UVIKO-19. Mwanzoni mwa mwaka 2024 kipindupindu kilichelewesha kufunguliwa kwa shule za Zambia. Mwezi Machi 2025 Tanzania ilithibitisha wagonjwa wa ugonjwa wa mpox. Kwa hiyo hatuna ruhusa ya kungoja janga lingine ndipo tuanze kufundisha.

Kila shule ya sekondari inaweza kuanza na kazi ndogo. Chukueni vipimajoto viwili vinavyolingana. Kimoja kizungushieni pamba iliyolowa maji katika ncha yake, kingine kiacheni kikavu. Vitundikeni kivulini, kisha andikeni tofauti ya vipimo hivyo kila asubuhi na mchana. Tofauti ikiwa kubwa, hewa ni kavu. Wekeni kando ya daftari hilo hesabu ya wanafunzi waliokosa masomo kwa kukohoa na mafua, bila kutaja majina yao. Mwaka ukiisha mtakuwa na takwimu za shule yenu, mlizozipima kwa mikono yenu. Huenda zikaonyesha uhusiano kati ya hewa na maradhi, na huenda zisionyeshe. Yote mawili ni maarifa, na mwanafunzi aliyekubali jibu asilolitarajia amekwisha kuonja sayansi yenyewe.

Kazi nyingine haihitaji kifaa chochote. Madirisha ya pande mbili za darasa yafunguliwe hata wakati wa baridi, na wanafunzi wavae sweta. Jiko la mkaa lisiingizwe bwenini kamwe. Kibuyu chirizi kisiachwe kikavu kwa sababu tu janga limesahauliwa. Anayekohoa apewe ruhusa ya kupumzika bila kuonekana mvivu. Na wanafunzi wazoezwe kuuliza, kila wasikiapo habari ya dawa au ya maradhi: nani amepima, amepima vipi, na watu wangapi?

Kipupwe kitarudi mwaka ujao kama kilivyorudi mwaka huu, na malori yataendelea kuvuka. Hatuwezi kuchagua maradhi yatakayokuja nayo. Lakini tunaweza kuchagua kama yatatukuta tukibishana kwa uvumi, au yatatukuta na daftari lenye vipimo, sabuni mlangoni, madirisha wazi, na vijana wanaojua kwamba kubadili njia kwa sababu ya ushahidi ni heshima. Walimu wa Songwe, kazi hiyo iko mikononi mwenu, na inaweza kuanza Jumatatu.