TUIJUE DUNIA: Mgeni Katika Ngoma ya Oruro

Ndugu msomaji, mwezi huu twende mbali. Twende Bolivia, nchi iliyoko Amerika ya Kusini. Huko kuna mji uitwao Oruro. Uko milimani, kiasi cha mita 3,700 juu ya usawa wa bahari. Watu wake wamechimba madini ya fedha na bati kwa miaka mingi.

Tuseme wewe ni Mwafrika, umekwenda kuishi huko kwa kazi. Siku za kwanza utapata taabu. Hewa ya huko ni nyepesi. Ukipanda kilima kidogo tu, unahema kama mtu aliyelima tangu alfajiri.

Kila mwaka, siku chache kabla ya Kwaresima, mji wote hugeuka uwanja wa ngoma. Sherehe hiyo huitwa karnivali. Wachezaji ni zaidi ya 28,000, na wapiga muziki wapata 10,000. Hupita barabarani mwendo wa kilometa 4. Hucheza mchana na usiku. Mwisho huingia kanisani na kupiga magoti mbele ya Bikira Maria, mlinzi wa wachimba madini.

Wewe umesimama kando, unatazama. Mara, pwaa! Kijana amekumwagia maji. Usikasirike. Huo ni mchezo wa siku hizo, na mgeni hasamehewi. Jifute, ucheke nao.

Kisha kinapita kikundi cha ngoma iitwayo morenada. Wamevaa vinyago vyeusi. Macho yamewatoka, ndimi zinaning'inia. Mikononi wanazungusha vyombo vinavyolia krrr, krrr. Unajitazama, unavitazama vinyago. Moyo unakuuma. Je, watu hawa wanatucheka?

Uliza kabla ya kuhukumu. Wenyeji wengi watakueleza hivi: Vinyago hivyo vinawakumbuka Waafrika waliopelekwa huko utumwani zamani za utawala wa Wahispania. Mlio ule ni wa minyororo yao. Ndimi zimetoka kwa uchovu na kwa ile hewa nyepesi. Hapo utakumbuka jinsi ulivyohema wewe mwenyewe.

Lakini usiishie hapo. Wajukuu wa watumwa hao wapo hata leo. Wengi wana asili ya mabonde ya Yungas, ambako hulimwa kahawa na koka. Wana ngoma yao, jina lake saya. Hawahitaji kinyago cheusi. Wanacheza kwa nyuso zao wenyewe. Kwa ngoma hiyo walijitambulisha kwa taifa na kudai haki zao. Katiba ya Bolivia ya mwaka 2009 iliwatambua rasmi.

Unaona, ndugu msomaji? Ngoma nayo ni kitabu. Asiyejua kuisoma huona kelele na vumbi tu.

Sasa zungumzeni darasani:
1. Ngoma za kijiji chenu zinakumbusha jambo gani?
2. Ni mzee gani anayejua maana yake? Nendeni mkamwulize, mkaandike, angali hai.