Mchujo wa Sangailu huisha kabla debe halijafika

Ukisikia neno mchujo, picha inayokujia ni gani? Foleni shuleni, debe la chama, na mwaniaji mmoja akilia kuwa ameibiwa. Lakini Sangailu, moja ya wadi nne za eneobunge la Ijara katika Kaunti ya Garissa, iko kwenye ukanda ambao mambo huenda tofauti. Kaskazini Mashariki, mchujo wenyewe mara nyingi hufanyika kwenye kikao cha wazee wa ukoo, miezi kabla chama hakijachapisha hata karatasi moja ya kura.

Mpango huu ni mwepesi kuuelewa. Koo hukaa na kugawana viti: huu uchukue ubunge, ule uwakilishi wadi, na muhula ujao tubadilishane. Kisha kila ukoo unachagua mtu wake. Chama kinakuja mwisho, kama gari la kumbeba abiria ambaye tayari ana tiketi. Ndiyo maana mwaniaji huhama chama bila jasho, na wafuasi wake wanahama naye.

Tusiwadharau wazee. Eneo hili limeona watu wakiuana kwa sababu ya malisho, visima na mipaka. Uchaguzi ukiachwa wazi kabisa, ukoo mkubwa unaweza kubeba kila kitu na mdogo ubaki na kinyongo. Maslaha yamezuia damu kumwagika, na hilo si jambo dogo.

Swali ni hili: nani yuko ndani ya kikao? Kwa kawaida ni wanaume watu wazima. Msichana hayupo. Kijana wa boda hayupo. Aliyemaliza chuo na kurudi nyumbani anaambiwa, "Subiri zamu yako."

Muulize Sophia Abdi Noor. Alipotafuta tiketi ya ODM kuwania ubunge wa Ijara mwaka 2007, wazee walimpinga kwa kuwa ni mwanamke, akaikosa. Hakukata tamaa. Mwaka 2017 alisimama kwa chama cha PDR na kuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge wa eneobunge Kaskazini Mashariki. Ilimchukua miaka kumi.

Kuelekea uchaguzi huohuo kule Mandera, baraza la wazee wa Garre lilitaka viongozi wa jamii hiyo waliochaguliwa 2013 wasitetee viti vyao. Gavana Ali Roba alikataa, akasimama, akashinda. Kwa hivyo neno la wazee ni zito, lakini si sheria. Kura ni siri, na Kifungu cha 38 cha Katiba kinampa kila raia mtu mzima haki ya kupiga kura na kuwania kiti.

Kwa nini haya yakuhusu wewe unayesoma ukiwa Eastleigh au Garissa mjini? Kwa sababu mwakilishi wadi ndiye anayepitisha bajeti ya kaunti: zahanati, maji, barabara za mashinani, chekechea, dawa za mifugo. Sangailu, karibu na msitu wa Boni na mpaka wa Somalia, zahanati isiyo na dawa si hadithi ya siasa. Ni mama mjamzito na safari ndefu kwenye barabara isiyo salama.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027. Usingoje kampeni. Kwanza, kitambulisho. Kwa miaka mingi vijana wa huku walipitia uhakiki wa ziada ili kukipata, na Februari 2025 Rais Ruto alitangaza kuufuta. Kama bado huna, anza sasa, maana bila kitambulisho au pasipoti huwezi kujiandikisha kuwa mpiga kura. Pili, jiandikishe unakotaka kupigia kura, si kwa mjomba wa mwaniaji. Tatu, kagua umeandikishwa chama gani, kwani wapo waliojikuta wanachama bila kujua.

La nne ndilo gumu: omba nafasi kwenye kikao. Nenda na adabu, wasalimie wazee, kisha uliza swali moja tu. Huyu mtu wetu, tukimpa, atafanya nini kuhusu maji? Wakikosa jibu, basi wamechagua jina tu. Na jina halichoti maji kisimani.